S na SH katika Kaseti ya Baba

Marehemu baba yangu aliacha shairi moja ambalo halipo popote kwenye karatasi. Daftari lake liliteketezwa na mchwa kijijini Kamachumu, wilayani Muleba, nasi tukabaki na kaseti aliyojirekodi mwenyewe mwaka 1987 kwa redio yenye maikrofoni ya ndani. Ubeti wa pili unaanza hivi:

Mama yangu kaamka, nyumba nzima ina kiza,
Asubuhi akasuka, jua halijachomoza.

Au ni "akashuka". Hilo ndilo lililonisumbua kwa miaka mitatu. Mwenye kuzijua bahari za ushairi ataona mara moja kwamba kanuni hazitusaidii hapa. Mizani ni nane kwa nane, ukisema suka au ukisema shuka. Kina cha kati ni -ka kwa vyovyote. Mshororo wa tatu unazungumzia kitanda kilichopoa, wa nne unataja machozi bila kusema ni ya nani. Wala siwezi kulisingizia Luhaya, lugha aliyoinyonya baba, kwamba lilimchanganyia sauti hizi mbili. Lenyewe linazo zote, s ya *ensi* na sh ya *omushaija*, na baba hakuwahi kuzikosea.

Kwa familia yetu herufi moja ile ilikuwa na uzito. Bibi, mama yake baba, aliondoka nyumbani baba akiwa na miaka sita, na hakurudi. Watoto walibaki kwa baba yao kama ilivyokuwa desturi. Sisi wajukuu tulikua tukisikia kwamba aliteremka mlima alfajiri, watoto wamelala, akapanda gari la kwenda bandarini na kuvuka ziwa hadi Mwanza. Ikiwa baba alisema "akashuka", basi shairi ni mashtaka. Ikiwa alisema "akasuka", ni picha ya mama anayefanya kazi gizani, na mashtaka hayamo. Ndugu zangu walitaka kuchapa kijitabu cha kumbukumbu, na mimi, mwalimu wa Kiswahili, ndiye niliyepewa kazi ya kunakili.

Nilikwisha kuigeuza kaseti kuwa faili la kompyuta, kwa deki ya kuazima mjini Bukoba. Nikisikiliza, mahali pale nilisikia mpumuo tu. Ndipo nikanunua kifaa kilichokwisha kutumika, kisanduku kinachozigeuza tarakimu za faili kuwa sauti na kuikuza kwa ajili ya hedifoni. Ndani yake, katika soketi, mlikuwa na kidude cheusi chenye miguu minane, kilichoandikwa NE5532.

Wahandisi wa Kiingereza hukiita kipaza-sauti cha operesheni, jina lililoenea kupitia makala ya John Ragazzini na wenzake ya mwaka 1947. Operesheni zenyewe ni za hesabu: mikuzo ya namna hii ilitumika katika kompyuta za analogia kujumlisha, kutoa na kukokotoa kwa volti. Watu wa kamusi huenda siku moja wakatupatia neno. Fundi wangu wa Kashai, kama mafundi wengi, hukiita aisii, na ndivyo nitakavyokiita.

Nilisoma sana habari za watu wanaobadilisha aisii hizi. Wanasema moja ina sauti ya joto, nyingine kavu, nyingine "inaondoa pazia". Sitiari ile ya pazia ndiyo iliyoniponza. Nilijiambia: baba yuko nyuma ya pazia. Nikaagiza Kariakoo aisii tatu: OPA2134 mbili na LM4562 moja. OPA2134 moja ilikuwa bandia. Fundi aliisugua kwa pamba yenye asetoni, na maandishi yote yakahamia kwenye pamba.

Kazi yenyewe ni ndogo. Unazima umeme, unangoja kapasita zimalize chaji, unaing'oa aisii taratibu kwa bisibisi bapa, upande huu kidogo na ule kidogo, usije ukaipinda miguu. Mpya unaipachika ule mbonyeo wa kichwani ukielekea palepale ulipoelekea wa zamani. Ukiigeuza, umeme wa mguu wa nane unaingia wa nne, na aisii hiyo ni ya kuzika. Hakikisha pia kwamba ina vikuza viwili ndani kama ile ya kwanza, maana zipo zenye kimoja na miguu ni hiyo hiyo minane.

Usiku ule nilivaa hedifoni, OPA2134 ikiwa ndani, nikasikia "akashuka". Waziwazi kabisa. Sikuona aibu kulia. Wiki iliyofuata niliweka LM4562, nikasikia "akasuka", waziwazi vilevile. Isitoshe, aisii hii ilikuwa inachemka hata pasipo kucheza kitu. Fundi alisema inatetemeka kwa masafa ambayo sikio halifiki, kwa kuwa ni nyepesi mno kwa bodi ile; akachomelea kapasita ya mikrofaradi 0.1 karibu na miguu ya umeme, ikapoa. Bado nikasikia "akasuka".

"Mwalimu," aliniuliza, "una hakika masikio ndiyo yanayosikia?"

Akanitoa nje ya kibanda. Akawa anafungua kisanduku, anakifunga, ananiita. Nasikiliza mshororo ule mmoja, naandika s au sh, natoka tena. Tulifanya mara kumi. Nilikuwa nimeapa kwamba OPA2134 husema sh na LM4562 husema s. Katika kumi nilipata tano, sawa na mtu anayerusha shilingi. Mara tatu hakuwa amegusa kitu chochote ndani, na katika hizo tatu niliandika sh mbili na s moja. Nilinyamaza muda mrefu. Kilichoniuma zaidi ni kutambua kwamba siku nilizomkasirikia bibi nilisikia sh.

Wala sisemi aisii zote ni sawa. Iliyochoka au ya kiwango duni huleta mvumo na kukwaruza. Lakini NE5532, iliyobuniwa mwishoni mwa miaka ya 1970, upotoshaji wake katika kazi nyepesi kama hii ni mdogo kuliko sikio linavyoweza kuunasa. Na zaidi ya hayo, fundi alinikumbusha jambo ambalo nilipaswa kulijua: aisii inakaa baada ya faili. Kisichoingia kwenye faili haitakitoa wapi? S na sh zote ni vikwamizi, hewa inayosuguana katika njia nyembamba, na nguvu zake ziko katika masafa ya juu. Ya s juu zaidi kuliko ya sh. Ukiyakata masafa hayo, tofauti yake inakwenda nayo.

"Nipe kaseti," alisema. "Na ile deki."

Kando ya kichwa cha deki, kile kinachousoma utepe, pana skrubu ndogo ya kurekebisha mwelekeo wake. Ufa wa kichwa unatakiwa kusimama nyuzi 90 na mwendo wa utepe. Ukiinama kidogo tu kuliko ulivyoinama ule uliorekodi, sauti za juu ndizo za kwanza kupotea. Deki niliyoazima ilikuwa sawasawa. Iliyopinda ilikuwa redio ya baba. Kwa hiyo fundi aliipinda deki nzima ifanane na kosa la redio ile, akizungusha skrubu kwa unywele, sikio lake likiwa kwenye spika, mpaka ghafla jogoo akawika. Miaka mitatu sikujua kwamba katika kaseti ile kuna jogoo. Kuna na kijiko kinachogonga kikombe, na baba anayevuta pumzi kabla ya kila utao.

Tukairekodi upya, nikaisikiliza kwa NE5532 ya awali. Ilisema "akasuka". Fundi, ambaye sikuwa nimemwambia ninachotamani, aliandika kwenye kipande cha boksi: s.

Jumamosi nilipanda basi la Muleba, nikapandisha Kamachumu kwa shangazi, dada mkubwa wa baba. Nilimvalisha hedifoni juu ya kilemba. Alishtuka kumsikia mdogo wake karibu vile, akaniomba nirudie. Kisha akazivua mwenyewe.

"Alisuka, mwanangu," alisema. "Usiku ule alikuwa anamalizia ukingo wa mkeka. Nami nilikuwa macho. Kulipoanza kupambazuka akautandika chini ya baba yako, ndipo akashuka Muhutwe."

Nilimuuliza kama baba alimwona akitoka.

"Aliuona mkeka. Njia hakuiona, alikuwa amesinzia tena."

Hakuongeza neno, nami sikumhoji zaidi. Alikuwa amekwisha kuanza kumenya ndizi.

Kijitabu kimechapwa "akasuka". Kaka yangu aliyeko Mwanza nilimtumia faili jipya, lile lenye jogoo. Ameniandikia kwamba yeye anasikia sh bila shaka yoyote, na ameuliza ninatumia aisii gani.