Matunzo ya Mfumo Huria

Mfumo huria wa kompyuta hutolewa bila ya bei, walakini hautunziki bila ya kazi. Debian, mfumo ulioanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993, ni mfano mwema wa jambo hili. Umejengwa juu ya kiini cha Linux, ambacho Linus Torvalds alikitangaza huko Ufini mwaka 1991, nao huendelezwa na watu wa kujitolea waliotawanyika ulimwenguni. Auwekaye katika kompyuta yake ya mezani hadaiwi senti. Hudaiwa uangalifu.

Kazi yenyewe si nzito. Amri mbili zatosha: moja huuliza kama ziko programu mpya, na ya pili huzileta na kuziweka mahali pa zile kuukuu. Kiini kikibadilishwa, sharti kompyuta izimwe na kuwashwa tena, kwa maana cha zamani huendelea kutawala mpaka hapo. Mabaki hufagiliwa yasije yakaijaza diski, na nakala ya kazi za mtu huwekwa pengine.

Tabu haimo mikononi. Imo katika kujua haraka ifaayo. Aprili 2014 lilifichuliwa kosa lililoitwa Heartbleed katika OpenSSL, programu itumiwayo kuficha mawasiliano. Kwa muda wa miaka miwili kosa hilo lilikuwa limeacha mlango wa kuchungulia siri zilizomo katika kumbukumbu ya kompyuta. Dawa ilitolewa mara moja, na aliyechelewa kuipokea alibaki uchi.

Miaka kumi baadaye mambo yaligeuka. Xz, programu ya kubana mafaili, ilikuwa mikononi mwa mtu mmoja wa kujitolea, naye alikuwa amelemewa. Akatokea msaidizi aliyejiita Jia Tan, akafanya kazi kwa adabu zaidi ya miaka miwili, akaaminiwa. Kisha matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 yakatoka yakiwa na sumu. Machi 2024 Andres Freund aliona kuwa kuingia katika kompyuta yake kwa njia ya ssh kunachelewa kadiri ya nusu sekunde. Nusu sekunde! Wengi wangaliulaumu mtandao wakaenda kunywa chai. Yeye alichimba mpaka akaiona sumu. Ilikwisha fika katika matawi ya Debian yapokeayo vitu vipya upesi, lakini tawi tulivu halikuguswa. Safari hii aliyekimbia ndiye aliyekuwa hatarini.

Hapana ukinzani katika visa hivi kwa mwenye kuelewa tawi tulivu lilivyo. Programu zake huachwa zizeeke kwa makusudi kwa kadiri ya miaka miwili, ila nyufa zake huzibwa kila zionekanapo, na kiraka hushonwa juu ya nguo ile ile ya zamani. Vijana huzicheka programu hizo kwa ukale, nao hawakukosa sababu. Lakini yuko mwingine, asiyegusa kitu mwaka mzima kwa kuwa kompyuta yake yafanya kazi, naye hujiita mwangalifu. Huyo ana ukale wa tawi tulivu pasipo viraka vyake, na watu waliokesha kuvishona hawana njia ya kumfikishia mpaka mwenyewe aandike zile amri mbili.