Kwa Nini Sasa Nanywa Maji Jioni

Baadhi ya wasomaji wa gazeti letu watakumbuka kwamba mwaka jana, mwezi wa Septemba, sikuonekana darasani kwa muda wa siku 9. Niliporudi watu walisema nilikuwa na malaria, nami sikuwakatalia. Leo napenda kuyaeleza mambo yenyewe, maana kosa lilikuwa langu, na halikunidhuru mimi peke yangu.

Wakati ule nilikuwa kiranja wa bweni letu. Kama mjuavyo, choo kiko ng'ambo ya uwanja wa mpira, na taa ya njiani ilikuwa imeharibika. Ufunguo wa mlango nilikaa nao mimi. Palikuwa na mtoto mmoja wa Kidato cha Kwanza ambaye kila usiku alikuja kitandani kwangu akasema, "Kaka, naomba unifungulie." Nilichoka kuamshwa. Asubuhi moja, mbele ya bweni zima, nikampa jina la Bwana Bomba, na wenzangu wakacheka mpaka machozi yakawatoka. Kisha nikatoa amri kwamba mtu yeyote asinywe maji baada ya saa 10 jioni. Haikuwa amri ya shule, wala hapana mwalimu aliyeijua. Ilitoka kichwani mwangu tu.

Basi jambo lile likageuka kuwa sifa. Vijana wakashindana nani aweza kukaa muda mrefu zaidi bila kunywa, na mimi, kwa kuwa mkubwa wao, sikutaka kushindwa na mtu. Asubuhi nilikunywa kikombe cha uji, mchana mafunda machache baada ya ugali na maharage, basi. Jioni twacheza mpira. Mtu aliyepata kukaa mkoa wetu wa Shinyanga mwezi wa Septemba alijua jua lake na vumbi lake. Mkojo wangu ukawa mchache, na rangi yake kama chai ya rangi iliyokolea. Nilijiona shujaa.

Jumamosi moja, mchezo haujafika nusu, maumivu yalinishika ubavuni upande wa kushoto, yakashuka mpaka kinenani. Sikuweza kukaa, wala kulala, wala kusimama. Rafiki yangu alikuwa na vidonge vya diklofenaki sandukuni, akanipa viwili, nikavimeza kwa mate. Usiku nikatoa mkojo wenye damu. Hapo ndipo nilipoogopa kweli, nikamwita mwalimu wa zamu.

Hospitalini daktari aliniuliza kwanza kama nimeogelea bwawani, kwa sababu huku kwetu damu katika mkojo mara nyingi ni kichocho. Wakapima, hawakuona mayai yake. Wakanipiga picha ya altrasaundi, na hapo wakaona kijiwe cha milimita 4, kimekwama katika mrija utokao kwenye figo kwenda kibofuni. Milimita 4! Hata punje ya mchele ni ndefu kuliko hiyo.

"Kijana, kwa siku wanywa maji kiasi gani?" akauliza daktari.

Baba yangu alikuwa amesimama hapo. Alikuwa ameuza mbuzi 2 ili apate nauli na fedha za matibabu. Nilishindwa kusema uongo mbele yake.

Daktari hakunikemea kwa ajili ya maji. Alinikemea kwa ajili ya vidonge, akisema kwamba dawa za namna ile, zikimezwa na mtu aliyekaukiwa maji, zaweza kuziumiza figo. Halafu akachukua karatasi akanichorea. Kila figo, alisema, ni kama ngumi yako kwa ukubwa, na ndani yake mna vichujio vidogo sana vipatavyo milioni 1. Figo zote mbili huchuja karibu lita 180 kwa siku, yaani maji yale yale ya damu hupita tena na tena, na karibu yote hurudishwa mwilini. Lita 1 au 2 tu ndizo zitokazo kuwa mkojo. Mtu asipokunywa, ubongo huziamuru figo zibane maji, lakini taka na chumvi hazina budi kutoka. Hutoka katika maji machache, zikasongamana, na chembe zake zaweza kushikana zikawa jiwe. Nilikunywa maji mengi kwa siku 5, na kijiwe kikatoka chenyewe. Nikaambiwa kwamba aliyepata jiwe mara moja yafaa anywe mpaka mkojo wake ufikie lita 2 na zaidi kwa siku, maana jiwe hupenda kurudi.

Nisiwadanganye lakini. Maji si dawa ya kila figo. Kisukari na shinikizo la damu ndivyo viuavyo figo za watu wengi zaidi, na mgonjwa ambaye figo zake zimekwisha kushindwa huenda akakatazwa kunywa maji mengi. Hata hivyo nilipodhani kwamba haya ni mambo ya wazee, mwalimu wetu wa Bayolojia alinisimulia habari za wakata miwa wa Nicaragua na El Salvador. Wengi wao ni vijana, hawana kisukari wala shinikizo, na figo zao zimekufa. Wataalamu bado wabishana juu ya sababu zote, ila joto kali na kazi nzito bila maji ya kutosha ni miongoni mwa zinazotajwa sana.

Niliporudi shuleni nilimtafuta yule mtoto nikamwomba radhi. Akainama, akaniambia kwamba tangu Agosti alikuwa akisikia moto kila akikojoa, akaona haya kusema, kwa kuogopa kuchekwa. Nikampeleka kwa matroni siku ile ile. Walimkuta na vijidudu katika mkojo, akapewa dawa, akapona.

Siku hizi mna ndoo ya maji yenye kifuniko bwenini, na kata yake pembeni. Taa ya njiani ilitengenezwa mwezi wa Novemba, ikaharibika tena. Jina la Bwana Bomba limehamia kwangu, kwa kuwa natoka nje mara 2 kila usiku. Yule mtoto sasa yuko Kidato cha Pili, na yeye ndiye mwenye tochi.