Kwanza Itulie

Jumamosi, 2 Agosti 2025

Imefika. Usiku wa manane, trela nyuma ya Fuso lililokuja kupakia mchele. Asubuhi nusu ya Kagongwa iko getini kwangu. Boti! Hapa, katikati ya mashine za kukoboa na milima ya pumba. Watoto wanaipapasa tumbo. Mama wa chai anauliza itaelea wapi, nami sina jibu, nacheka tu.

Shemeji kapiga simu kabla sijanawa uso.

"Shemeji, nataka ipite kilomita 100 kwa saa."

"Sasa hivi ikifika 80 inafanyaje?"

Kimya. Kisha: "Inacheza kidogo."

Fiba ya mita 6, farasi 150 mgongoni, watu ndani, na inacheza kidogo. Siku nzima nimeizunguka, sijafungua hata nati moja.

Jumatatu, 4 Agosti

Nimeiangalia tena ile video ya boti ikikimbia, aliyonitumia shemeji. Nimeirudisha nyuma mpaka simu ikaisha chaji. Magonjwa ni mawili, nisiyachanganye.

La kwanza: pua inapanda, inashuka, inapanda. Maji yametulia kama sakafu, wimbi hakuna, lakini boti inadunda yenyewe. Hilo ni la mbele na nyuma. Uzito, au kitako, au mguu wa injini umenyanyuliwa kupita kiasi.

La pili ndilo linalonitisha. Mwendo ukizidi, boti inalala kushoto, inalala kulia, kila mlalo mkubwa kuliko uliopita. Najua sababu. Kwenye kasi ile boti imeshapanda juu ya maji, imebaki inasimama kwenye ukanda mwembamba wa mkuku. Mbavu ziko hewani, hakuna kinachoziegemeza. Propela inazunguka kulia, basi mwili unasukumwa kushoto. Ndiyo maana kiti cha dereva kimewekwa kulia. Dereva akiona inalala kushoto anakata usukani, lakini boti inajibu kwa kuchelewa, wakati tayari imeanza kurudi yenyewe. Anaisukuma kule kule inakokwenda. Anakata tena. Inazidi.

Jioni nimeushika mguu wa injini kwa mikono miwili, nikautikisa. Unakwenda huku na huku, usukani haujui lolote. Ulegevu wa vidole viwili! Nani anaweza kunyoosha boti kwa usukani wa namna hii?

Alhamisi, 7 Agosti

Furaha. Acha niandike kabla haijapoa.

Nimeazima rula ndefu ya alumini kwa fundi wa plasta, nimeingia chini ya trela, tochi mdomoni. Upande wa kushoto, rula imelala vizuri mpaka mwisho. Upande wa kulia, karibu na nyuma kabisa, mwanga unapita chini yake. Fiba imebonyea ndani. Milimita 5, pengine 6. Na ni pale pale ubao wa trela unapogusa! Boti imekaa misimu mingi juu ya ubao mmoja uliokaza, na fiba ikafuata.

Nikakaa chini, nikafikiri. Kitako kikibonyea karibu na nyuma, maji yanayopita pale yanasukuma juu kwa nguvu zaidi. Hapa ni kulia tu. Kwa hiyo maji yanainua kulia, propela inalaza kushoto. Wawili wanasukuma upande mmoja! Dereva wa watu analaumiwa bure.

Milimita 5. Kwenye bodi ya lori usingezijali. Kwenye maji, kwa kilomita 80 kwa saa, ni mkono wa mtu mzima unaoinua ubavu.

Nimemwambia mama watoto. Kasema, "Hongera, sasa kula."

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane. Wengine wamekwenda maonyesho, mimi nimebaki na msasa. Mwanangu kabaki nami kwa hiari yake, kajifunga kitambaa puani, anasugua kama mtu aliyeahidiwa mshahara.

Nimekwangua mpaka fiba mbichi, nikaweka tabaka jipya na rezini, nikaacha ikauke. Kisha ubao mrefu wa msasa. Mrefu, si kipande cha kiganjani. Kipande kifupi kinafuata mabonde, ubao mrefu unayafichua. Nimemwonyesha, kaelewa haraka kuliko nilivyotarajia.

Kona ya nyuma, pale kitako kinapokutana na ubao wa mgongo, ilikuwa imeviringika kwa kugongwagongwa. Nimeijenga upya iwe kali. Maji yanaing'ang'ania kona ya mviringo, yanapanda nayo, yanaivuta boti. Kona kali yanaiachia pale pale.

"Baba, mimi nitapanda lini?"

Nimemwambia alete maji ya kunawa.

Jumatatu, 11 Agosti

Usingizi hamna. Nimesoma habari za Donald Campbell mpaka saa nane usiku.

4 Januari 1967, ziwa la Coniston, Uingereza. Boti yake ya injini ya ndege, Bluebird K7. Mkondo wa kwanza alikwenda wastani wa karibu kilomita 479 kwa saa. Akageuza, akarudi bila kungoja maji yatulie. Pua ikanyanyuka, hewa ikaingia chini, boti ikapinduka kinyumenyume angani. Alikufa pale pale. Watu hawajaacha kubishana kuhusu sababu, lakini kilichoonekana kwenye filamu hakibishaniwi: pua ikipita kiwango fulani, hewa inachukua kazi ya maji, na usukani wako unakuwa pambo.

Halafu yule wa Australia, Ken Warby. Boti yake aliichora na kuijenga nyumbani, uani kwake, injini ya ndege ya mitumba ya jeshi. 8 Oktoba 1978, kilomita 511 kwa saa. Rekodi ile bado imesimama. Na yeye hakufa majini, alizeeka.

Uani kwake. Nimelisoma hilo mara nyingi kuliko mengine.

Sisi tunazungumzia 80, si 500. Lakini hewa ni ile ile, na pua nyepesi ni pua nyepesi.

Jumatano, 13 Agosti

Uzito leo. Betri mbili zote zilikuwa nyuma kabisa, zimebanana na injini. Tangi nalo nyuma. Lita 120 za petroli ni karibu kilo 90, mtu mzima wa ziada amekaa mgongoni. Boti ilikuwa kama baiskeli iliyofungwa magunia ya mkaa nyuma: gurudumu la mbele linatafuta kuruka. Betri nimezihamishia mbele, chini ya kiti. Nimeishia hapo. Ukijaza pua kupita kiasi, pua yenyewe inaanza kuchimba maji na kuvuta usukani, unapata ugonjwa mwingine.

Na propela. Shemeji analalamika injini haifiki mizunguko yake. Ilitoka Dar es Salaam, ikafungiwa propela ya Dar es Salaam! Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Hewa nyepesi, injini inapoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu. Propela hiyo, namba 21, ni nzito kwake huku. Nimepata 19 Mwanza, inakuja na basi.

Jumamosi, 16 Agosti. Nkome

Kahama, Kakola, Geita, Nkome. Boti imefika nyekundu kwa vumbi.

Mwaloni dagaa wameanikwa mpaka ukingoni. Mzee mmoja mvuvi kaizunguka boti, mikono nyuma, kimya. Kisha kanishika bega. "Ng'wanone, upande ule usiende, nyavu zimetegwa. Na saa tano upepo utaamka, uwe umerudi." Kanionyesha na magugu maji yanakoelea. Wabeja, baba. Ramani ile hainunuliki.

Maboya mwilini. Kamba ya kuzimia injini mkononi. Shemeji kaiona kamba, kasema ni mambo ya kitoto. Sikuwasha mpaka naye amevaa boya.

50, safi. 65, mguu wa injini nimeushusha chini, pua imelala, haidundi. Haidundi! Nilipiga kelele peke yangu. Nimenyanyua mguu kidogo kidogo, kugusa kitufe na kuachia, boti ikachangamka, bado imetulia. 72. 76. Kwenye 78, mlalo wa kushoto. Mdogo, lakini ni ule ule. Nikapunguza gesi taratibu. Taratibu, maana ukiachia ghafla pua inaanguka na boti inaweza kukata kona yenyewe.

Ugonjwa wa kwanza umepona. Wa pili umebaki nusu. Umebaki pale kwenye usukani, waya wa zamani, ulegevu ule.

Jumapili, 17 Agosti

Tumegombana. Sauti haikupanda, lakini tumegombana.

Nimemwambia usukani wa waya utoke, uwekwe wa mafuta, haidroliki, unaoshika pale ulipouacha. Kaniuliza bei. Nimemtajia. Kasema fedha hiyo ataongezea apate injini ya 200.

Nimempeleka nyuma ya boti, nimemwekea kidole kwenye kibati. Farasi 150, mwisho. Aliyeichora alipima ubao wa mgongo, alipima uzito, akaandika. Injini ya 200 haitibu mlalo. Itaufikia mapema tu, na kwa nguvu zaidi.

"Shemeji, wewe ni fundi. Kazi yako kufunga."

Hapana. Hiyo siyo kazi yangu yote.

Jumatano, 20 Agosti

Hapigi simu. Mama watoto yuko katikati, ndugu yake huku, mume huku. Hasemi kitu, anapakua chakula polepole.

Nasema na wewe, daftari. Sisi watu wa Kanda ya Ziwa hatuhitaji kusimuliwa. 20 Septemba 2018, MV Nyerere ilipinduka karibu kabisa na gati la Ukara. Uwezo wake abiria 101. Waliokufa ni zaidi ya 220. Kile kilikuwa kivuko, kinakwenda polepole, si boti ya mbio. Lakini kisa ni kimoja: chombo kilipewa namba yake, namba ikapuuzwa.

Nikifunga ile 200, mkono uliofunga ni wangu. Sifungi. Hata akiichukua boti leo na kuipeleka kwa mwingine, na nyumba ikanuna mwaka mzima.

Jumamosi, 23 Agosti

Ujumbe saa kumi na mbili asubuhi. Muamala umeingia. Chini yake maneno mawili: "Funga haidroliki."

Nimekaa kitandani nimeshika simu. Mama watoto kauliza kuna nini. Nimempa asome. Kaamka, kaimba jikoni.

Alhamisi, 28 Agosti

Haidroliki imekaa. Kazi kubwa ni kutoa hewa kwenye mipira ya mafuta. Kipovu kimoja kikibaki, ulegevu umerudi kwa mlango mwingine. Bushi za mguu wa injini zote mpya. Nimeutikisa kwa mikono miwili: hausogei. Mwanangu kaujaribu, kaning'inia. Hausogei!

Injini nimeipandisha milimita 20, bamba la juu ya propela likatoka mvutoni kidogo. Mguu ukizama kupita kiasi unakuwa usukani wa pili usioutaka. Ukipanda kupita kiasi, propela inameza hewa na injini inakosa maji ya kuipoza. Macho kwenye geji ya maji, kila wakati.

Jumamosi, 30 Agosti. Nkome

84. Imenyooka.

Narudia: 84, usukani mkononi mwepesi, mbavu zote mbili zimetulia. Nimeipeleka mpaka kwenye mawe, nikageuza nikiwa nimepunguza, nikarudi baada ya mkondo wangu kutawanyika. Ile ile. Presha ya maji nzuri.

Kisha shemeji kashika yeye. Nilikaa pembeni, nikimwambia: usiukamate kwa hasira, rekebisha kidogo, mapema, kabla haijalala. Kwenye 75 alianza kukata kukata, boti ikajibu, akashtuka, akatulia. Mara ya pili aliuacha mkono ulegee. Nikamwona usoni. Kaisikia.

Alipozima injini hakuuliza 100. Kauliza: "Shemeji, kwenye kona propela inateleza kidogo. Hiyo inatibika?"

Inatibika! Propela ya panga nne, inashika maji vizuri zaidi kwenye kona na inainua nyuma. Kilomita mbili tatu za kasi tutazipoteza, nimemwambia wazi. Kasema sawa.

Kesho napiga simu Mwanza. Namba 18 au 19, chuma kisichoshika kutu. Boya la saizi ya mtoto pia, nisisahau. Mwanangu atapanda Jumamosi ijayo, kwenye 40, mimi ndiye dereva.