Kochi na Siri Yake

Mwenye nyumba ni wa mwisho kujua harufu ya nyumba yake. Pua huzoea kinachokaa karibu nayo, na jicho husamehe uchafu unaokuja kidogo kidogo. Sakafu hupigwa deki kila siku kwa kuwa doa lake huonekana. Kochi huachwa miaka kwa kuwa kitambaa chake hujua kuficha.

Mjane mmoja wa Tanga alikuwa na kochi la mahameli alilolipenda marehemu mumewe. Alilifunika kwa vitambaa vyeupe alivyovifuma mwenyewe, akavifua kila wiki, lakini kochi lenyewe hakuligusa. Aliona kuwa kuliosha ni kumzika mumewe mara ya pili. Mjukuu wake mwenye pumu alilala juu yake, akakohoa usiku kucha. Alipokwenda Lushoto likizoni kifua kilitulia. Bibi akalaumu upepo wa bahari.

Upepo haukuwa na hatia. Mwaka 1964 wataalamu wa Leiden, Uholanzi, walihusisha madhara ya vumbi la nyumbani na utitiri, kiumbe asiyefika nusu milimita. Chakula chake ni magamba ya ngozi ya binadamu, naye hustawi penye unyevu. Kinyesi chake ndicho hasa kinachochokoza kifua. Pwani humpa unyevu, sponji humpa giza, na mkaaji humpa riziki.

Dalili ni nne. Mto ukiinuliwa, kitambaa kilichojificha chini huwa na rangi isiyofanana na ya mkono wa kiti. Kitambaa cheupe chenye unyevu kikipitishwa juu, hurudi cheusi. Harufu huondoka kochi likianikwa, ikarudi likikaliwa. Tena mtu akikaa hupiga chafya au hukohoa, akiondoka hutulia. Tatu za kwanza zaweza kungoja mshahara. Ya nne haingoji.

Vumbi la juu ni kazi ya mwenye nyumba na brashi yake. Lililozama ndani ni kazi ya fundi mwenye mashine ya kupenyeza maji na kuyafyonza papo hapo, baada ya kujaribu pembe isiyoonekana, maana mahameli nyingine huharibiwa na maji. Maji ya ndoo huingia yasitoke, yakazaa ukungu.

Wifi yake mjane alipowasili kutoka Lushoto alipiga chafya kabla ya kumaliza salamu. Akainua mto, akatazama, akasema kwa upole, "Wifi, kaka yangu hayumo humu. Vumbi ndilo limo."

Fundi akaitwa. Maji yaliyotoka yalikuwa na rangi ya chai ya rangi. Mjane aliyatazama kimya mpaka yakamwagwa. Mtoto hakupona pumu, kwa kuwa pumu haioshwi. Lakini usiku kochi lilipokwisha kukauka alilala, na bibi yake, aliyezoea kuamshwa na kikohozi, akaamshwa na ukimya.

Heshima ya marehemu haihitaji kulipwa kwa pumzi ya aliye hai.