Bafle ya Mlango wa Dereva

Spika ya mlango wa dereva, katika lile Toyota la mwenzetu tunalopanda kila Jumamosi kwenda Cedar Rapids, ilikufa kidogo kidogo. Kwanza ilikoroma besi ilipoingia, halafu ikawa inakoroma hata mtu anapozungumza. Spika nyingi za gari hufa hivyo. Ule ukingo wa sponji unaoshikilia karatasi hukauka na kupasuka, karatasi ikabaki inapepea. Baridi ya Iowa na joto lake la Julai haviisaidii.

Kwa anayetaka muziki tu, hiyo ni kero ndogo. Kwetu sisi gari lile ni nusu ya ofisi ya chama. Humo ndimo tunamosikiliza sauti za wazee tulizorekodi, kabla ya kuketi kuzinakili. Mmoja anasimamisha, mwingine anasema "rudisha nyuma", na ubishi unaanza kabla hatujaiona barabara kuu. Kulikuwa na mahali pamoja palipotutesa: mzee anasimulia majirani zake wa ng'ambo ya ziwa, na hatukuweza kukubaliana kama alisema walihama au walizama. Konsonanti moja tu, na spika mbovu imeimeza.

Duka moja la mjini lilitaka malipo ya ufundi yaliyozidi bei ya spika zenyewe. Tukaamua kufanya wenyewe. Aliyeongoza kazi ni mwenzetu aliyekulia Goma. Kwenye vikao vyetu huzungumza kidogo, maana Kiswahili chake hakimo sana katika vitabu tunavyosomea, na mtu akishasahihishwa mara tatu huona afadhali kunyamaza. Kumbe kabla ya kuja Marekani alikuwa akimsaidia mjomba wake kutengeneza redio.

"Leteni turnevisi," alisema. Sisi wa pwani tukaangaliana, kisha mtu akampa bisibisi. Spika kwake ni bafle. Waya wa ethi ni masi. Baada ya nusu saa sote tulikuwa tunasema bafle, hata yule mwenzetu wa Tanga ambaye kwa kawaida hakubali neno lisilo na kamusi nyuma yake.

Alianza kwa kung'oa ncha ya hasi ya betri. Kisha mlango: skrubu moja imejificha nyuma ya kifuniko kidogo kwenye kitasa, nyingine chini ya mahali pa kuvutia mlango. Ukishazitoa, unaachanisha klipu za plastiki moja moja kuzunguka ukingo, halafu unanyanyua ubao kwenda juu. Usiuvute kwa nguvu, kuna waya za swichi ya dirisha nyuma yake. Tulingoja hadi saa nane mchana jua lipige, kwa sababu klipu zikiwa na baridi huvunjika kama biskuti. Nyuma ya ubao kuna karatasi ya nailoni ya kuzuia maji ya mvua. Wengi huichana na kuitupa, kisha wanashangaa kapeti inalowa. Sisi tuliibandua taratibu tukairudisha.

Spika ya kiwandani haikufungwa kwa skrubu bali kwa ribiti, ikabidi tuzitoboe kwa drili. Hayo yote yalikuwa mepesi. Kazi ilikuwa kwenye waya. Mtu aliyemiliki gari zamani alikata plagi ya kiwandani, akaunga waya mbili nyeusi, akazizungushia tepu. Hakuna wa kukuambia ipi chanya, ipi hasi.

"Zote ni nyeusi, sasa tutajua namna gani?" aliuliza mmoja wetu, tayari kwa Kiswahili cha Goma.

Ungeziunga vyovyote na spika ingelia. Ndiyo maana watu hawajali. Lakini ukigeuza waya za upande mmoja, spika hii inasukuma hewa wakati ile inavuta. Besi inapotea, na sauti ya msemaji haikai mahali, huwezi kusema anazungumza kutoka wapi. Basi mwenzetu akachomoa redio, akaweka ncha moja ya mita kwenye tundu la plagi yake na nyingine kwenye waya wa mlangoni, hadi mita ilipolia. Akatia alama kwa wino mwekundu. Spika mpya aliijaribu kwa betri ndogo ya volti 1.5: karatasi ikisukumwa nje, basi upande uliogusa chanya ya betri ndio chanya. Aliagiza pia waya hata mmoja wa spika usiguse bati la gari, kwani katika redio nyingi za siku hizi hasi ya spika si ethi, na kuigusisha kwaweza kuunguza amplifaya.

Waya ziliungwa kwa risasi, si kwa kusokotwa. Tuliporudisha betri hatukuweka muziki. Tuliweka sauti ya mzee.

Pale palipotutesa pako wazi sasa, ila si kwa namna tuliyotazamia. Tulichodhani ni kelele za spika kilikuwa ni yeye mwenyewe: anashusha sauti karibu na kunong'ona, kisha anakohoa, na neno linapita chini ya kikohozi. Hata kwa bafle mpya halisikiki. Mwenzetu wa Tanga alitaka tumpigie simu mzee papo hapo tumuulize. Yule wa Goma akazima redio. "Hiyo si neno ya kuuliza kwa simu," alisema. "Jumamosi tutakwenda, tutaikaa naye."

Hakuna aliyemsahihisha. Mlango wa kulia tutaufungua Aprili, baridi ikishapungua.