Tanzia: Banda la Gemu la Ami, Barabara ya 12

Kwa masikitiko makubwa nawatangazia wote waliowahi kukalia benchi lile kwamba banda la gemu la Ami, Barabara ya 12, Ngamiani, Tanga, halipo tena. Mlango wa mabati umeng'olewa, ukuta umepakwa rangi mpya, na ndani amekaa kijana wa kutoa na kuweka pesa za simu. Mashine ya mwisho ilitangulia kabla ya banda lenyewe. Ilikuwa PlayStation 2 nyeusi, ile nyembamba. Lenzi iligoma kusoma CD, fundi akasema lenzi mpya hazipatikani, zilizopo ni za kuvuliwa kwenye mashine nyingine zilizokufa, na Ami akakunja waya wake taratibu kama mtu anayekunja mkeka baada ya hitma.

Marehemu hakuzaliwa Tanga. PlayStation 2 iliingia sokoni Japani tarehe 4 Machi 2000. Ile nyembamba ilikuja mwaka 2004, na Sony ikaacha kuzitengeneza mwanzoni mwa 2013, zikiwa zimeshauzwa zaidi ya milioni 155 duniani. Kwetu zilifika zikiwa mtumba, zimeshafunguliwa na mafundi ili zisome CD za kunakili. Hilo nalisema wazi, kwa sababu kama tungengoja CD halali kwa bei ya huko zilikotoka, wengi wetu tusingelijua hata gemu moja.

Ami alikuwa nazo tatu, juu ya meza ndefu ya mninga, pamoja na TV tatu za chogo na benchi mbili. Feni moja ndogo ilielekezwa kwenye mashine. Watu walijipepea kwa kadibodi. CD yenye mikwaruzo ilipakwa dawa ya meno, ikasuguliwa kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, ikasuuzwa, ikarudishwa kazini. Pedi nazo zilikuwa na tiba yake. Mpira wa kile kijiti cha kushoto ukishalika, Ami alikata kipande cha tyubu ya baiskeli akakigundisha juu yake. Tanga ni mji wa baiskeli, tyubu kuukuu haikosekani. Ukicheza saa nzima, kidole gumba kilinuka mpira mpaka usiku.

Na kabla ya lolote, mashine ikiwashwa, zilitokea nguzo gizani, zimesimama kwenye mwanga wa buluu. Wengi hawakuzitazama mara mbili. Ami ndiye aliyeniambia kwamba zile si pambo: mashine huzijenga kutokana na kumbukumbu iliyomo kwenye memori kadi, magemu yaliyochezwa na jinsi yalivyorudiwa. Kadi mpya haina nguzo hata moja. Kadi ya Ami, yenye MB 8 tu, ilikuwa na mji mzima.

Nimecheza magemu mengi tangu hapo, kwenye mashine za bei kubwa na TV bapa, na bado nayapima kwa kipimo cha banda. Gemu zuri ni lile linalomfanya aliyesimama nyuma asahau kwamba ametumwa dukani. Mchezaji amelipa, atajilazimisha kufurahi. Aliyesimama hajalipa kitu, likimchosha anaondoka.

Kwa kipimo hicho Pro Evolution Soccer 6 (PES 6) ya Konami, ya mwaka 2006, ndiyo iliyotawala, na sijaona iliyokuja kuivua taji. Wapo wanaosema ya 5 ilikuwa na mpira wa kweli zaidi. Nakubali. Mabeki wa PES 5 walikuwa wagumu, refa alikuwa mwepesi wa filimbi, na bao lilitafutwa kwa jasho. Lakini mechi zake ziliishia sare mno, na sare bandani ni kesi, kwa sababu anayefungwa ndiye alipaye, shilingi 200, na aliyeshinda hubaki kwenye benchi. PES 6 ilifungua milango. Ilikuwa na Adriano wa Inter, mguu wa kushoto, nguvu za shuti 99, kiwango ambacho hakina cha juu yake. Alipougeukia mpira nje ya boksi, watu nyuma walinyamaza kabla hajapiga. Ikabidi Ami atunge sheria: aliyeshinda mechi iliyopita haruhusiwi kuchukua Inter. Sheria nyingine ilihusu umeme. Ukikatika, mechi huanza upya, ila kama mmoja ameshatangulia kwa mabao mawili, hapo amekwisha kushinda na mwenzake alipe.

Konami haikuwa na haki ya kutumia majina ya timu nyingi, kwa hiyo Chelsea iliitwa London FC na Liverpool ikaitwa Merseyside Red. Hayo hayakumsumbua mtu. Mtoto wa darasa la tano alimwona Gerrard, akajua yupo wapi. Asubuhi za likizo, banda likiwa tupu, nilicheza Master League na wale wachezaji wa kubuni ambao kila timu ilianza nao: Ivarov golini, Ximelez na Minanda katikati, Castolo mbele. Hawajawahi kuzaliwa popote. Castolo nimekaa naye misimu sita, nikakataa kumuuza hata nilipopata fedha za kununua mshambuliaji wa kweli, na nikisikia jina lake leo moyo unashtuka kama nimemsikia jirani wa zamani.

Jina lenyewe la PES nalo lilizikwa mwaka 2021. Ikaja eFootball, ya bure, ya mtandaoni, na ilipotoka ilikuwa mbovu kiasi kwamba Konami iliomba radhi. Sikufurahi. Niliumia kama mtu anayesikia nyumba aliyolelewa imeuzwa kwa asiyejua thamani yake.

Gemu la pili kwa kujaza banda halikuwa na mechi wala mpinzani. Grand Theft Auto: San Andreas la mwaka 2004 linaanza na msiba. Mwaka ni 1992, Carl Johnson, au CJ, anarudi Los Santos baada ya miaka mitano kwa sababu mama yake ameuawa. Polisi wanamkamata njiani hata hajafika kwao, wanamnyang'anya pesa, wanamtupa kwenye mtaa wa maadui, na chombo anachokipata cha kumfikisha nyumbani ni baiskeli. Siku Ami alipoliweka mara ya kwanza, tulipoiona ile baiskeli banda zima lilipiga kelele. Tulikuwa tumeegesha zetu pale nje, zimelaliana ukutani, na ndani ya TV kijana wa Marekani anakanyaga pedeli akirudi kwenye nyumba isiyo na mama.

Kiingereza cha mtaa ule hatukukijua, tukajitungia maneno. Kulikuwa na daftari la hesabu lenye misimbo ya kubonyeza, ya silaha, ya pesa, ya kupunguza polisi, limeandikwa kwa miandiko saba tofauti. Na kulikuwa na misheni ya treni. CJ anaendesha pikipiki kando ya reli, mwenzake Big Smoke amekaa nyuma yake anawafyatulia risasi watu walio juu ya behewa, na hawapati. Watu wamelia kwa misheni ile. Tulilipia kwa nusu saa, na nusu saa yote ililiwa na treni. Siku moja mtoto wa fundi cherehani, ambaye hakuwahi kuwa na hela ya kucheza, akasema kutoka nyuma: jitenge na treni, nenda kulia, mpe Smoke nafasi. Mchezaji akajitenga. Muda wake ukaisha pale pale. Ami akaitazama saa, akaitazama treni, akasema, "Malizia, mwanangu." Tulipofaulu, aliyebebwa juu ni yule mtoto wa fundi cherehani.

Sitalitetea gemu hilo kwa yaliyo mabaya ndani yake. Lilitengenezwa kwa watu wazima na sisi tulikuwa watoto, tukaona damu na mambo ya wanawake yasiyotufaa. Ami alijua, na mwezi wa Ramadhani aliiweka CD ile kabatini.

Mengine nayasema kwa ufupi. Need for Speed: Underground 2 lilipendeza kwa taa na rangi kuliko kwa mbio zenyewe. Tekken 3, CD ya mashine iliyotangulia ambayo PlayStation 2 iliisoma bila shida, lilikuwa kali na la haki, ila Eddy Gordo aliliharibu: asiyejua kitu alibonyeza ovyo, Eddy akaruka miguu juu, na mwenye ufundi wa miaka miwili akang'olewa kwenye benchi. God of War II, la 2007, lilikuwa la mtu mmoja, na kwa desturi magemu ya mtu mmoja hayakudumu kwetu. Liliokolewa na mafumbo. Kratos akikwama kwenye chumba chenye mlango uliofungwa, waliosimama waliiona nyenzo ukutani kabla ya aliyeshika pedi, na kila mmoja akawa na neno.

Nalitaja la mwisho kwa heshima yake. Shadow of the Colossus la Fumito Ueda, la mwaka 2005, ndilo gemu bora kuliko yote niliyowahi kucheza, na bandani halikupata mtazamaji hata mmoja. Kijana, farasi, nchi tupu, na majitu 16 ya kuua ili binti aliyekufa arudi. Unapanda mwili wa jitu ukiwa umeshikilia manyoya yake, na kushikilia ni kubana kitufe cha R1 bila kuachia. R1 ya pedi yetu ilikuwa imechoka, ikataka nguvu mara mbili. Nikifika kichwani mwa jitu, mkono wangu mwenyewe ulikuwa unatetemeka. Jitu likianguka, muziki ulikuwa wa maombolezo, na mimi sikujua nishangilie au nikae kimya. Waliopita nyuma waliuliza, "Hakuna watu humo?" wakaenda zao. Nimelicheza asubuhi tisa, peke yangu, na kila mara Ami alinidai nusu ya bei.

Wanaouliza sababu ya kifo nitawajibu. Lenzi ilikuwa maradhi ya mwisho tu. Simu ndizo zilizoondoa watu, kwa kumpa kila mmoja gemu lake mfukoni, analicheza akiwa kitandani na mpinzani asiyemwona. Mabanda yenye PS4 yapo, nayaombea maisha, lakini gemu la leo linafika nusu na nusu nyingine inasubiri bando. CD ya Ami iliingia ikiwa kamili. Ilivyokuwa siku ya kwanza ndivyo ilivyokuwa miaka minane baadaye, na kwa sababu hiyo kila mtu mtaani aliijua kama anavyoujua mchezo wa bao.

Mama zetu hawakulipenda banda, na walikuwa na haki. Hela za daftari ziliishia pale. Ami naye hakumruhusu mwenye sare ya shule kuingia kabla ya saa tisa alasiri, na waliotoroka madrasa aliwarudisha kwa mkono wake. Wazazi wengi hawakuwahi kulijua hilo, na ningependa walijue sasa.

Marehemu ameacha TV tatu za chogo, benchi mbili, pedi tano zenye tyubu, daftari moja la hesabu na memori kadi moja. Kadi nimepewa mimi. Jumapili iliyopita nilikwenda Muheza kwa binamu yangu, ambaye mashine yake bado nzima, nikaichomeka na kuiwasha. Nguzo zote zilisimama.