Manzese Hadi Unguja: Bei Ikishuka Ukiwa Umekwisha Kulipa

Anayeishi Manzese hahitaji kufundishwa habari za bei. Hapa kando ya Barabara ya Morogoro tunaijua tangu utotoni. Belo la mitumba likifunguliwa asubuhi, mteja wa kwanza huchagua gauni zuri na kulilipia bei kubwa. Jua likianza kuelekea magharibi, nguo zilizobaki humwagwa chini na muuzaji huanza kuimba bei za kutupa. Aliyenunua asubuhi amepata chaguo, naye aliyenunua jioni amepata nafuu. Kila mmoja ana faida yake, na mama mwenye busara huangalia kwanza shida aliyonayo ndipo achague saa ya kwenda sokoni.

Safari nayo ni hivyo hivyo, ila ina jambo moja ambalo mitumba haina. Ukiwahi kuagiza nafasi, wakati mwingine unaweza kupata chaguo la asubuhi kwa bei ya jioni. Sisi akina mama wa kikundi cha kanisani tulijifunza hayo mwaka 2023, tulipopanga kwenda Unguja kuona kanisa la Mkunazini. Tunaandika ili na kikundi chako, mpenzi msomaji, kifaidike.

Kuchagua majira

Jambo la kwanza tulilolipima ni kalenda. Unguja ina miezi ya wageni wengi: tangu Juni hadi Oktoba, na tena Desemba hadi Februari. Katika miezi hiyo nyumba za wageni hujaa na bei hupanda. Masika yakiingia, tangu mwisho wa Machi hadi Mei, watalii hupungua. Baadhi ya mahoteli hufungwa kabisa kwa matengenezo, na yanayobaki wazi hupunguza bei.

Mwaka huo Pasaka iliangukia tarehe 9 Aprili, na mwezi wa Ramadhani ulikuwa haujaisha. Si vema kundi la wageni kuingia Mji Mkongwe katika mfungo na kuanza kutafuta chai mchana, wakati wenyeji wamefunga na migahawa mingi imefungwa. Basi tuliamua kwenda katikati ya Mei, baada ya Idi. Tulijua mvua itakuwepo, tukakubaliana kila mama achukue mwavuli na khanga mbili, moja ya kujitanda na moja ya akiba.

Kuweka nafasi mapema

Tulikuwa akina mama 24. Wengi wetu tuna biashara ndogo ndogo, na fedha haiji kwa mkupuo. Kwa hiyo tulianza kuchanga Novemba, kidogo kidogo, na Januari tukaiagiza nyumba ya wageni. Vyumba vilikuwa 12, wawili wawili, kwa shilingi 50,000 chumba kwa usiku mmoja. Kwa siku mbili jumla ilikuwa shilingi 1,200,000, yaani shilingi 50,000 kwa kila mama kwa malazi peke yake.

Hatukulipa zote. Tulitanguliza robo, shilingi 300,000, na kabla ya kutuma tuliuliza maswali manne: Tukishindwa kuja, fedha hii itarudi au haitarudi? Salio linatakiwa lini? Je, bei ikipanda, sisi tutaguswa? Na je, ikishuka? Majibu tuliomba tuletewe kwa maandishi kwenye simu, tukayanakili katika daftari la kikundi mbele ya wajumbe.

Tuliangalia pia jina linalotokea kwenye simu kabla ya kuthibitisha malipo. Sote tunawajua wale wanaotuma ujumbe kwamba "ile hela tuma kwenye namba hii". Mhazini wetu alimpigia mwenye nyumba, akasikia sauti yake, akamtajia jina, ndipo akatuma.

Habari njema kutoka ng'ambo

Mwezi Aprili mmoja wetu alipata mgeni aliyetoka Unguja. Mgeni huyo alikuwa amelala katika nyumba ile ile kwa shilingi 38,000 chumba. Habari ilipotufikia, maoni yaligawanyika. Baadhi walisema tunyamaze, kwa kuwa mkataba ni mkataba na Mkristo hapaswi kusumbua watu. Wengine walisema tuvunje, tuagize upya kama wageni wapya.

Tulikaa, tukaomba, tukashauriana. Tuliona kuwa kuuliza si kusumbua. Mwenye nyumba ana haki ya kukataa, na mteja naye ana haki ya kuuliza. Tena tulikuwa hatujalipa salio, na hapo ndipo ilipokuwa nguvu yetu. Mhazini alipiga simu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hamjambo huko bara?"

"Hatujambo, mama. Sisi ni wale wa Manzese, watu 24, wa mwezi wa tano. Tumesikia sasa chumba ni elfu 38. Tunaomba na sisi utufikirie, maana tuliwahi kukuamini tangu Januari."

Yule mama alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Haya. Nyie mlitangulia, siwezi kuwatoza zaidi ya waliokuja nyuma. Lakini na mimi nihakikishieni idadi wiki moja kabla, nisije nikafungia watu vyumba bure."

Ikawa hivyo. Hesabu mpya ilikuwa shilingi 912,000 badala ya 1,200,000, na salio likawa shilingi 612,000. Tuliokoa shilingi 288,000 bila kumdhulumu mtu, naye alipata vyumba 12 vyenye uhakika katika wiki za mvua ambapo vingebaki vitupu.

Baadaye tulikuja kufahamu kuwa hata wale wanaosafiri kwa meli kubwa za starehe za Ulaya na Marekani, ambazo baadhi yake hutia nanga Unguja na Dar es Salaam, hufanya vivyo hivyo. Huweka nafasi mapema kwa malipo kidogo, kisha huendelea kuitazama bei. Ikishuka kabla ya siku ya kumaliza kulipa, makampuni mengi humpunguzia anayeomba. Siku hiyo ikipita, mteja hubaki kutegemea hisani tu: pengine hupewa chumba kizuri zaidi au fedha ya kutumia humo melini, na pengine hapati kitu. Na huko nako asiyeuliza kwa kawaida haambiwi.

Fedha ya nani?

Sasa tulikuwa na shilingi 288,000 mkononi, na hapa ndipo kikundi chetu kilipopimwa hasa. Fedha inayorudi ni hatari kuliko fedha inayotoka. Inayotoka ina stakabadhi. Inayorudi mara nyingi haina mwenyewe, na vikundi vingi vya akina mama vimevunjika kwa sababu yake.

Palikuwa na mwenzetu mmoja, mjane, aliyeanza kuchanga nasi kisha akaacha mwezi Februari, mjukuu wake alipolazwa. Alikuwa ameondolewa katika hesabu ya watu 24 kwa ombi lake mwenyewe. Baadhi walitaka fedha yote iende kwake mara moja. Wazo lilikuwa jema, lakini kati yetu walikuwemo waliokopa ili wachange, na si haki kutoa sadaka kwa mkono wa mwenzako.

Tulikata shauri hivi: kwanza kila mwenye haki apate haki yake. Mhazini aligawa shilingi 12,000 kwa kila mama, katika bahasha, na kila mmoja akatia sahihi. Wiki iliyofuata kikapu kiliwekwa mlangoni, kimefunikwa kitambaa. Aliyependa alitia, na mwingine alipita. Hakuna aliyeuliza, wala hadi leo hakuna aliyeulizwa. Ilihesabiwa shilingi 156,000. Ilitosha nauli ya mwenzetu kwenda na kurudi pamoja na chakula chake, na mwenye nyumba akakubali kuongeza kitanda cha tatu katika chumba kimojawapo. Tukawa 25.

Safari yenyewe

Kutoka Manzese tulipanda mwendokasi alfajiri hadi Posta ya Zamani, kisha kwa miguu hadi bandarini, mahali ambapo Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu na Kanisa la Azania Front yanatazama bahari. Boti ya kasi huchukua kama saa mbili. Sisi wauguzi tuliwashauri wenye kichefuchefu wale chakula chepesi, wameze dawa kabla boti haijaondoka, na wakae katikati ambako mtikisiko ni mdogo. Dawa za presha na sukari kila mmoja alizishika katika mkoba wa mkononi, wala hazikuwekwa kwenye mizigo.

Katika nauli ya boti hatukutafuta punguzo. Nauli ilikuwa imepangwa, na tulinunua tiketi mapema dirishani, tukiwa na vitambulisho, ili tusiangukie mikononi mwa wapiga debe. Ziko sehemu za safari ambapo unafuu si faida. Tarehe 10 Septemba 2011 MV Spice Islander ilizama ikielekea Pemba ikiwa imejaza kupita kiasi, na tarehe 18 Julai 2012 MV Skagit ikazama karibu na Chumbe ikitoka Dar es Salaam. Mamia ya watu walipotea, wengi wakiwa mama na watoto. Ukiona chombo kimefurika, mama, shuka. Nauli iliyopotea hutafutwa tena.

Mkunazini

Siku ya pili, mvua ikinyesha, tuliingia Kanisa la Kristo, Mkunazini. Hapa palikuwa soko la watumwa, lililofungwa mwezi Juni 1873 Sultani Barghash alipotia sahihi mkataba na Waingereza. Siku ya Krismasi ya mwaka huo huo liliwekwa jiwe la msingi la kanisa. Aliyelijenga ni Askofu Edward Steere, yule yule aliyefanya kazi kubwa ya kutafsiri Maandiko kwa Kiswahili. Alifariki mwaka 1882 na kaburi lake lipo nyuma ya madhabahu. Humo umo pia msalaba uliochongwa kwa mti wa kule Chitambo, Zambia, ambako moyo wa David Livingstone ulizikwa.

Mwongozaji alituonyesha mahali palipo madhabahu, akatuambia kuwa hapo ndipo watumwa walipofungwa na kuchapwa. Wauzaji, alisema, walipima uvumilivu wa mtu kwa kilio chake, na anayelia bei yake hushuka. Nje, katika shimo, zipo sanamu tano za watu waliofungwa minyororo shingoni, kazi ya msanii wa Kiswidi Clara Sörnäs ya mwaka 1998.

Sisi tuliokuwa tumekaa miezi sita tukizungumza habari za bei, tulinyamaza. Hapa bei iliwahi kuwekwa juu ya mama, na juu ya mtoto mgongoni mwake. Mjane wetu ndiye aliyepiga magoti kwanza, nasi tukamfuata, mwavuli mmoja mmoja ukidondosha maji sakafuni. Tulimshukuru Mungu kwamba sisi wenyewe hatukuwa na bei, na kwamba shilingi tulizokuwa tukizihangaikia zilitumika kuwaleta watu badala ya kuwauza.

Mambo ya kushika

Kwa kikundi kinachopanga safari, tunashauri haya:

1. Weka nafasi mapema, lakini tanguliza kiasi kidogo. Salio lako ndilo linalokupa sauti.

2. Uliza kabla ya kulipa kama bei ikishuka utapunguziwa, na pata jibu kwa maandishi.

3. Endelea kuuliza bei hadi siku ya kumaliza kulipa. Ukisikia imeshuka, omba kwa adabu, na uwe na kitu cha kumpa mwenye nyumba, kama uhakika wa idadi.

4. Kwa mabasi ya mikoani, nauli hupangwa na LATRA. Mwisho wa mwaka usikubali kutozwa zaidi ya nauli iliyotangazwa, na tunza tiketi yako.

5. Fedha ikirudi, itangazwe, igawanywe kwa sahihi, ndipo sadaka ifuate.

Bwana wetu, katika Injili ya Luka sura ya 14, alimtaja mjenzi anayekaa kwanza akahesabu gharama za mnara wake. Akina mama wa Manzese, ambao huhesabu kila siku kuanzia mkaa hadi chumvi, tusione haya kuhesabu na safari zetu. Na tukishahesabu, tutazame kama yupo mwenzetu aliyebaki nje ya hesabu.